Mtoto wa Mbwa Mwenye Homa: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Nyanda za Juu Kusini

“Shikamoo daktari, samahani kukupigia usiku. Mtoto wa mbwa wangu ana joto sana.”

“Marahaba. Joto sana ndiyo ngapi?”

Nikakwama. Nilikuwa nimemshika masikio, nimemshika tumbo, nimemgusa pua nikaikuta kavu, basi nikaona nimeshapima. Ilikuwa Uyole, mwezi wa saba, saa nne usiku, na Bobi amejikunja kwenye gunia la viazi anatetemeka. Daktari wa mifugo akaniuliza mengine matatu: amekojoa lini, fizi zake zina rangi gani, ana kupe? Yote sikuwa na jibu. Akasema, “Tafuta majibu, halafu nipigie tena, nipo macho.” Nilikasirika kidogo. Nilipoyatafuta ndipo nikaelewa kwamba nusu ya kazi ilikuwa ndani ya yale maswali.

Kwa hiyo naufuata mpangilio wake: kupima, kutazama, kuamua kama unaondoka usiku huo huo au unasubiri kukuche, kumhudumia, na mwisho kusafisha alipolala. (Kamusi zinamwita mtoto wa mbwa kilebu. Mbeya hii sijamsikia mtu akilitamka neno hilo, nami sitalianzisha leo.)

Kwanza tuwekane sawa kuhusu neno homa. Kwetu ukisema homa, akili inakimbilia malaria, ndiyo maana wapo watu wanaompa mbwa dawa ya mseto. Mbwa haugui malaria yetu. Kwake homa ni alama tu kwamba mwili umepandisha joto kupambana na kitu fulani, na kitu hicho kinaweza kuwa kirusi, bakteria, kidudu cha damu kilicholetwa na kupe, au jeraha lililotunga usaha. Joto lenyewe mara nyingi si ndilo linaloua. Watoto wa mbwa niliowaona wakifa walikufa kwa kukaukiwa maji, kwa baridi ya usiku, na mmoja kwa kidonge nilichompa mimi mwenyewe. Huyo nitamsimulia.

Kupima

Nunua kipimajoto cha dijitali duka la dawa, kile kidogo cha kuwekwa kwapani. Kiandike MBWA kwa kalamu ya wino usiofutika, kisije kikarudi kwenye kwapa la mtoto wa nyumbani. Bastola za kupima joto kwenye paji la uso, zile zilizoenea wakati wa Uviko, kwa mbwa hazifai: zinasoma joto la manyoya. Na pua kavu haina maana yoyote. Mbwa mzima akiamka usingizini pua yake ni kavu, na mgonjwa mahututi anaweza kuwa na pua mbichi kabisa.

Msubiri atulie kama nusu saa ikiwa alikuwa anacheza au analia, maana purukushani hupandisha joto. Mtu mmoja amkumbatie mbele, mkono chini ya kifua, aongee naye taratibu. Wewe paka ncha ya kipimajoto mafuta ya mgando, inua mkia, ingiza kwenye njia ya haja kubwa polepole kiasi cha sentimita mbili, ukikilaza kidogo ili ncha iguse ukuta wa ndani na isizame katikati ya kinyesi. Shikilia kipimajoto pamoja na mkia. Akiruka vyote viende pamoja. Kikilia, soma. Kisha kioshe kwa sabuni na maji ya baridi, kifute kwa spiriti.

Namba zisomwe hivi. Mtoto wa mbwa aliyevuka mwezi mmoja huwa na nyuzi kati ya 38 na 39.2. Ikifika 39.5 hiyo ni homa. Ikifika 40 piga simu. Ikipita 40.5 anza safari, na ikifika 41 kila dakika ina thamani kwa sababu viungo vya ndani huanza kuharibika.

Wachanga wana hesabu yao. Katika wiki ya kwanza joto la kawaida ni 35 hadi 37.2 hivi, na huwa linapanda taratibu mpaka wiki ya nne. Mchanga hawezi kutetemeka wala kujitengenezea joto. Joto lake ni la mama yake na la wenzake. Ukimkuta mchanga yuko peke yake pembeni, wa baridi, analia bila kunyamaza, tatizo lake huenda si homa bali kinyume chake. Huku Makete au Njombe, mwezi wa sita na wa saba, barafu inapolala kwenye majani alfajiri, hao ndio wanaokutwa wamekakamaa asubuhi. Mpashe joto kwanza, polepole, kwa mwili wako ndani ya koti, na usimpe maziwa kabla hajapata joto. Tumbo la mchanga aliyepoa halisagi kitu. Maziwa yanakaa humo yanachacha au yanarudi yakaingia mapafuni.

Kutazama: dakika tano zenye thamani kuliko dawa

Washa taa nzuri au tochi ya simu, kaa naye sakafuni.

Anza na fizi. Inua mdomo wa juu. Fizi nzuri ni za pinki na zina utelezi. Bonyeza kwa kidole mpaka paweupe, achia, hesabu: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri. Fizi zikiwa kavu na kunata kidoleni, maji yamepungua. Zikiwa nyeupe kama karatasi, damu imepungua, na hapa mawazo yaende kwa kupe na minyoo. Zikiwa za njano, ini au damu vina shida. Zikiwa za bluu au kahawia, usiendelee kusoma, nenda.

Kipimo cha kuvuta ngozi ya shingo na kuona kama inarudi haraka kinafaa kwa mbwa mkubwa. Kwa mtoto aliyekonda kinadanganya, ngozi yake imelegea tangu mwanzo. Mimi naamini fizi.

Halafu kupe. Usiangalie mgongoni tu. Tazama ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kwapani. Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi nyumbani kabisa, kwenye nyufa za banda na ukuta, kwa hiyo “mbwa wangu hatoki getini” si kinga. Mng’oe kwa kibano, ukimshika karibu na ngozi, uvute moja kwa moja bila kusokota. Usimtumbue kwa kucha, usimchome moto, usimmwagie mafuta ya taa. Mtumbukize kwenye spiriti.

Macho na pua: makamasi mazito ya njano, tongotongo zinazogandisha kope, kikohozi. Tumbo: limevimba kama ngoma huku mbavu zinahesabika? Hiyo ni minyoo, hata kama homa imetokana na kingine. Kinyesi: kina damu? Kina harufu isiyo ya kawaida? Mkojo: rangi gani? Nilipomtoa Bobi nje usiku ule na kumulika, mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi, ile ya Mufindi iliyokolea. Nikampigia daktari tena, safari hii nikiwa na maneno ya kusema: nyuzi 40.3, fizi zimepauka, kupe sita, mkojo wa kahawia. Akasema, “Haya, sasa tunaongea. Mlete saa kumi na mbili asubuhi, na usilale.”

Kabla hujaingiza vidole mdomoni kwa mbwa yeyote, hata mdogo, jiulize kuhusu kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa anaweza kuwa nacho. Kama hajachanjwa, na amebadilika tabia ghafla, anatokwa udenda, hawezi kumeza, taya limelegea, sauti imebadilika, au anauma vitu hovyo, usimguse mdomo. Mfungie peke yake, piga simu ofisi ya mifugo. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali kwa ajili ya chanjo, siku hiyo hiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba.

Kuondoka sasa au kusubiri asubuhi

Usisubiri ukiona lolote kati ya haya:

- joto limepita 40.5, au limeshuka chini ya 37 kwa aliyevuka mwezi mmoja;
- anaharisha damu, au anatapika kila anachoweka mdomoni;
- fizi nyeupe, za njano, za bluu au za kahawia;
- anapumua kwa shida, au zaidi ya pumzi 40 kwa dakika akiwa amelala;
- degedege, au kutafuna hewa kama anakula ubani;
- hawezi kusimama, au umemwita hakugeuza hata macho;
- hajakojoa kwa saa 12;
- ana umri chini ya wiki nane, homa ya aina yoyote.

Kama hakuna hata moja, joto liko chini ya 40, anakunywa na anakutazama ukimwita, unaweza kumkesha nyumbani na kumpeleka kukicha. Homa ndogo inayokuja siku moja au mbili baada ya chanjo hupita yenyewe. Nyingine yoyote ikivuka saa 24, ni ya daktari.

Kisa cha Mafinga

Miaka kadhaa kabla ya Bobi niliishi Mafinga, nikawa na jike dogo la kilo mbili hivi. Akapata homa. Nikampa nusu kidonge cha paracetamol ndani ya kipande cha mkate, nikajisifu kwa ujanja wa kumficha. Kesho yake uso ulivimba, fizi zikawa na rangi ya matope. Siku ya tatu nilimzika nyuma ya nyumba, chini ya mti wa matomoko.

Hesabu nilikuja kuifanya nimeshachelewa. Nusu kidonge ni miligramu 250. Kwa kilo mbili hiyo ni miligramu 125 kwa kila kilo ya mwili wake. Ukitaka kuielewa, mtu wa kilo 60 angemeza vidonge 15 kwa mkupuo. Paracetamol nyingi kwa mbwa huua ini na kuiharibu damu isibebe hewa. Ibuprofen na diklofenaki ni mbaya zaidi: hutoboa tumbo na kusimamisha figo, hata kwa kiasi kidogo. Aspirini nayo iache. Daktari ana dawa za kushusha homa zilizotengenezwa kwa mbwa, na hata hizo hampi aliyekaukiwa maji.

Orodha ya vitu nilivyoona vikifanywa kwa nia njema katika mikoa hii, ambavyo usivifanye:

Sindano ya OTC (oksitetrasaikilini, antibayotiki) ya ng’ombe. Ipo karibu kila duka la dawa za mifugo na kila mtu ana jirani anayejua kuchoma. Inaweza kufaa kwa baadhi ya magonjwa ya kupe, lakini kwa mtoto inaathiri meno yanayoota, ile nzito inauma sana, na kwa ugonjwa wa kirusi haifanyi kitu. Dawa ya njano ya unga ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung’o: tofauti kati ya kiasi kinachotibu mbwa na kinachoharibu ubongo wake ni ndogo mno, usiikadirie kwa macho. Ivermectin, dawa ya minyoo na wadudu, ile ya ng’ombe: tone moja la ziada kwa mbwa wa kilo mbili ni dozi kubwa, na mbwa wenye damu ya jamii ya kuchunga kondoo wengine huwa hawaivumilii kabisa. Dawa ya josho la ng’ombe, maji ya tumbaku, oili chafu ya gari: mtoto mgonjwa hulamba manyoya yake, kwa hiyo ulichompaka ni ulichomnywesha. Kitunguu saumu: kwa mbwa huvunja chembe nyekundu za damu, na kama tatizo ni kupe, hizo hizo ndizo anazopungukiwa.

Kumhudumia usiku

Mahali. Mtenge na mbwa wengine. Chumba kisicho na upepo, sakafuni weka boksi au kirago, juu yake gunia na nguo ya zamani unayoweza kuichoma baadaye. Maranda ya mbao ni mazuri kwa joto lakini kwa mgonjwa yananata kwenye macho na uchafu, mimi natumia magazeti na nguo. Usimweke pembeni ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu huku kila msimu wa baridi, seuze mbwa aliyelala usawa wa sakafu. Akitetemeka, jaza chupa ya plastiki maji ya uvuguvugu, ifunge ndani ya soksi au kanga, iweke upande mmoja tu wa boksi, ili akizidiwa na joto ahame mwenyewe.

Kupooza. Hapa ndipo watu wa nyanda za juu tunakosea zaidi, kwa kufuata ushauri wa watu wa pwani. Usimwogeshe. Usimwagie maji ya bomba ya Tukuyu saa tano usiku. Chini ya nyuzi 40 usimpooze kabisa. Homa inafanya kazi yake. Ikipita 40, lowesha kitambaa kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, mfute nyayo, masikio na kinena, apigwe na hewa kidogo. Pima kila baada ya dakika 10. Ikishuka hadi 39.5 acha, mkaushe, mfunike kidogo. Ukiendelea, joto halitasimama ulipotaka. Litaporomoka, na mtoto aliyelowa kwenye baridi ya Uporoto atakwenda nalo.

Maji. Hili ndilo la kukeshea. Mtoto wa kilo mbili anahitaji si chini ya mililita 200 kwa siku, na akiharisha zaidi ya hapo. Changanya pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya wanaoharisha, kwenye kiasi cha maji safi yaliyochemshwa kilichoandikwa juu ya pakiti. Huna pakiti? Lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kutoweka kabisa, kwa hiyo usikisie. Mchanganyiko ukipita saa 24 umwage.

Mnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kichwa kikae usawa wa kawaida. Ingiza ncha pembeni, kwenye mfuko wa shavu nyuma ya meno ya mbele, sukuma mililita moja, subiri ameze, sukuma nyingine. Kiasi cha kijiko kidogo kimoja kila dakika 10 ni mililita 30 kwa saa, na kinakaa tumboni. Ukimwinua kichwa juu na kummiminia kama unavyomnywesha ndama, maji yataingia mapafuni, na kesho utakuwa na magonjwa mawili. Asiyeweza kumeza au aliyezimia usimpe kitu mdomoni. Akitapika, pumzika saa moja, anza tena na nusu ya kiasi. Akitapika tena na tena, ORS imeshindwa, anahitaji dripu.

Watoto wadogo huishiwa sukari haraka. Ukiona amelegea ghafla, anatikisika kichwa, anayumba, mpake asali kidogo kwenye fizi kwa kidole. Chunya ina asali ya kutosha, weka kichupa ndani. Hiyo inakununulia muda wa safari tu.

Chakula kinasubiri maji. Akiacha kutapika kwa saa kadhaa, mpe wali uliopikwa ukawa bokoboko na nyama ya kuku iliyochemshwa bila ngozi, bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Kijiko kimoja, mara tano au sita kwa siku. Mchele wa Mbarali hata chenga zake zinatosha. Usimpe maziwa ya ng’ombe. Aliyeachishwa ziwa huyaharisha. Na usimlazimishe siku ya kwanza.

Daftari. Chora mistari: saa, joto, alichokunywa, mkojo, kinyesi, matapishi. Pima joto kila saa nne, isipokuwa limepita 40. Daktari atakipenda kipande hicho cha karatasi kuliko hadithi ndefu.

Kwa daktari

Ofisa mifugo wa kata ndiye wa karibu, na wengi ni watu wa msaada. Ila mkumbuke, huku kazi yake ya kila siku ni ng’ombe wa maziwa wa Rungwe na nguruwe wa Njombe. Mbwa huja kama mgeni. Muulize bila kuona haya kama ameshamtibu mtoto wa mbwa na kama ana dripu ya kumwekea. Kama hana, akuelekeze. Iringa kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na kwa kesi nzito hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, chini ya mlima wa Kitonga na safari ndefu baada yake. Kwenye basi au bajaji mbebe ndani ya boksi lenye matundu, umwekee magazeti, usimwachie atambae stendi.

Mambo makubwa ambayo daktari atakuwa anayawaza ni haya.

Parvo. Huwapata hasa kati ya wiki sita na miezi sita. Homa, kunyong’onyea, kutapika, halafu kuharisha damu yenye harufu ambayo ukishaikuta mara moja huisahau. Tiba ya kawaida haiui kirusi chenyewe. Dripu, dawa ya kuzuia kutapika na antibayotiki za kuzuia bakteria wanaopenya utumbo uliochubuka ndizo tiba, na saa ndizo zinazoamua: wanaopelekwa mapema wengi hupona, wanaoachwa wengi hufa ndani ya siku chache.

Distempa. Inaanza kama mafua: macho na pua zinatoka, kikohozi, homa inayopanda, kushuka, na kupanda tena. Wiki kadhaa baadaye, wakati umeshasema amepona, inaweza kuja degedege na misuli kurukaruka. Ni kirusi hiki kilichoua takriban theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Ukifuga mbwa Idodi au Tungamalenga, mpakani mwa Ruaha, chanjo ya mbwa wako inawahusu pia mbwa mwitu walioko ng’ambo ya mpaka.

Magonjwa ya kupe. Fizi kupauka, mkojo wa kahawia, bandama kuvimba, au kutokwa damu puani. Kwa Bobi daktari alichoma ukingo wa sikio, akachukua tone la damu, akalipaka kwenye kioo, akalitazama kwa hadubini pale pale. Vidudu vya babesia vilikuwemo. Sindano aliyompa ilimfanya atokwe udenda na kutapika mara moja, jambo ambalo alikuwa ameshanitahadharisha. Omba kipimo hiki kabla ya sindano yoyote. Ni cha haraka na hakihitaji maabara kubwa.

Kama umemtoa mbwa tambarare za Pawaga, Usangu au kwingine kwenye mbung’o, taja. Nagana kwa mbwa huleta homa, kukonda, na jicho kuwa na ukungu wa bluu. Daktari wa mjini Mbeya huenda asiiwazie usipomwambia umetoka wapi. Na kama kuna panya wengi ghalani na mbwa amekuwa wa njano, taja hilo pia, na uvae glavu unapofuta mkojo wake. Huenda ni leptospirosis, homa ya mgunda, na ugonjwa huo unatuambukiza.

Uliza kabla ya kuondoka: ni ugonjwa gani au anaudhania upi, dozi ni mililita ngapi na kwa siku ngapi, dalili gani irudishe safari, na lini arudi. Mwombe aandike.

Kusafisha

Kama ilikuwa parvo, kirusi kinakaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Sabuni peke yake haikiui. Kwanza kwangua na uoshe uchafu wote, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kisha nusu lita ya dawa ya klorini ya kufulia, ile wengi tunaiita jiki, kwenye ndoo ya lita 10. Mwagia sakafu, bakuli, viatu, iache imelowa dakika 10, suuza. Usiichanganye na dawa nyingine ya chooni. Nguo na magunia choma. Uani penye udongo huwezi kuosha, kwa hiyo usilete mtoto mwingine asiyemaliza chanjo katika ua huo kwa mwaka mzima, hata kama jirani anagawa bure.

Kama walikuwa kupe, kumtibu mbwa bila kutibu banda ni kuchota maji kwa pakacha. Ziba nyufa, piga chokaa, nyunyiza dawa bandani mbwa akiwa ametolewa, rudia baada ya wiki mbili. Dawa ya kumpaka yeye iwe ya mbwa na ya umri wake. Soma pakiti, nyingi zina umri wa chini kabisa.

Akishasimama

Maliza dozi hata kama anakimbiza kuku. Rudisha chakula cha kawaida kwa siku tatu au nne, ukipunguza wali wa bokoboko kidogo kidogo. Endelea kupima joto asubuhi na jioni kwa siku tano.

Dawa ya minyoo: kuanzia wiki ya pili, kisha kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Minyoo hiyo huingia pia kwa watoto wa nyumbani wanaocheza udongoni, kwa hiyo ukimtibu mbwa unawakinga na wao. Chanjo ya parvo na distempa inaanza wiki ya sita hadi ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka atakapofika wiki 16. Moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama huwa inaizima. Kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kwa ratiba ya daktari. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi hutangaza chanjo, sikiliza kipaza sauti. Usimchanje akiwa bado na homa.

Bobi alianza kula siku ya tatu. Alikula kipande cha daftari, ule ukurasa wenye joto lake.